Polisi Aliyevua Viatu

Kitu cha kwanza alichokiona Jenfine kilikuwa soksi. Ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilichungulia humo kama mtoto mwenye haya. Polisi alikuwa amevua viatu nje, akavipanga kando ya vile vya bibi, kisha akainama kuingia kwenye nyumba yao ya magurudumu.

Jenfine alishika ukingo wa meza. Katika Norwe nzima hakuna aingiaye na viatu nyumbani mwa mtu. Lakini kwao, watu wa njiani wanaohamahama, polisi waliingia na matope yao. Bibi Lovise alikuwa msichana mdogo walipoingia hivyo wakamchukua dada yake, wakampeleka kwenye makao ya watoto, asirudi tena. Tangu hapo ukoo ukashika sheria moja: liwalo na liwe, polisi haambiwi neno.

Na wezi waliijua sheria hiyo. Kila kiangazi walikuja kambini mchana kweupe, wakabeba injini za boti, jenereta, vijiko vya fedha. Nani angewashitaki? Safari hii bibi alijaribu kumzuia mmoja, akasukumwa, akavunjika mkono. Mwenye kambi, asiye wa ukoo, ndiye aliyewapigia polisi simu.

"Naitwa Torleiv," alisema polisi.

"Hatukukuita, afande," mjomba Godin alijibu, hata kofia hakuvua. "Umepotea njia."

"Harufu ya kahawa ndiyo iliyonipoteza."

Bibi hakucheka. "Bastola yako iko wapi?"

"Nimeifungia garini, mama."

"Na tukikurukia je?"

"Nani, wewe? Na mkono huo mmoja?" Torleiv akajikuna shingo. "Basi nitapiga kelele, Godin aje aniokoe."

Mjomba aliguna, na ule mguno ulikuwa na kicheko ndani yake. Bibi akanyanyua birika kwa mkono wake mzima, akammiminia kahawa.

"Walimchukua dada yangu," bibi alisema. "Watu wenye nguo kama hiyo yako."

Torleiv hakusema kwamba hayo ni ya zamani. Aliuliza, "Aliitwa nani?"

"Stefine."

Jenfine hakuwahi kulisikia jina hilo. Bibi alilifungia kifuani miaka yote, na sasa amempa polisi! Mjomba Godin alivua kofia. Torleiv akalirudia jina lile taratibu, kama mtu aliyekabidhiwa kitu chepesi kuvunjika. Kisha akanywa kahawa yake. Hakuuliza nani alimwona mwizi.

Jenfine aliacha shule kabla ya kumaliza darasa la nne, na hata dukani alionyesha kwa kidole badala ya kuomba. Alisikia sauti, akataka kugeuka aone ni ya nani. Kumbe ni yake.

"Nilimwona. Ni yule anayetuuzia gesi gatini."

"We Jenfine!" mjomba alimaka.

"Mwache mtoto aseme," bibi alisema.

Jenfine alimgeukia bibi, si polisi.

"Naye aliniona, bibi. Alinikonyeza, akacheka. Alijua sitasema."