Ami Yake Persefone

Hakukuwa na nyumba mtaani kwao Darsait ambayo Bi Sayyida hakujua nasaba yake. Kwa hiyo mjukuu wake Rawan alipobabaika na miungu ya Wayunani akijitayarisha kwa mashindano ya shule, bibi alimwambia, "Nisomee mie. Baba yao nani, nduguze nani?" Kufika alasiri keshawashika wote kama majirani zake wa zamani wa Unguja, na Hera, mke wa Zeus, anamwonea huruma khasa.

Siku ya mashindano ya shule alikaa safu ya mbele, roho juu. Timu zilikuwa sare. Likaja swali la mwisho: Hades, mfalme wa kuzimu, ni nani kwa Persefone?

"Mumewe!" timu ya pili ilijibu upesi.

"Na nani tena?" mwalimu alimgeukia Rawan.

Rawan akafungua mdomo, lakini bibi yake keshasimama. "Ami yake! Hades na Zeus baba mmoja, na Zeus ndiye baba wa msichana. Astaghfirullah, nnawajua wote!"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mwalimu, machozi yakimtoka, akatangaza kuwa swali limefutwa.

"Swali lifute, mwanangu," alisema Bi Sayyida, hajakaa bado. "Hiyo ndoa je, nani ataifuta?"