Upenyo Katikati ya Vidole

Kabla hata zamu yake haijafika, fundi cherehani alikuwa amekwisha kuamua kwamba leo hapasuliwi mtu. Alikaa kwenye benchi la kliniki ya macho, mkoba magotini, akijikaza kisabuni. Juzi alianza kuona vimulimuli kwenye jicho la kushoto. Vikafuatwa na pazia jeusi pembeni, na asubuhi hii pazia lilikuwa limesogea karibu na katikati. Hayo hakumwambia mtu. Nyumbani alisema macho yanamuwasha tu, na wifi yake, mtu asiyependa kuachwa nyuma hata kwenye foleni, akachukua chupa ya maji na kumsindikiza.

"Kuwashwa huko ndiko kulikokufanya ushone mkono wa shati ndani nje?" wifi yake alimtania.

"Na wewe macho yako mazima yamekusaidia nini? Siku ya kuchagua mume uliyafumba."

Wifi alicheka mpaka watu wa benchi la mbele wakageuka. Ndivyo walivyo wawili hawa, kuchokozana ndiyo salamu yao. Lakini leo fundi hakucheka naye. Katika hospitali kama hii mumewe, kaka wa wifi huyu, aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake, akatoka amefunikwa shuka. Na aliyemsihi akubali kisu ni wifi huyu huyu. Tangu msiba ule hawajawahi kulizungumza jambo hilo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Fundi huyu, anayekata vitambaa vya watu bila kutetereka, akisikia neno upasuaji hutafuta mlango.

Muuguzi akamwita, akamsimamisha mbele ya ubao wa herufi. Hapo ndipo wagonjwa wanapochujwa. Anayesoma vizuri na hana la kulalamikia hupewa dawa ya matone akaenda zake, asiyeona hupelekwa chumba cha daktari. Fundi alikuwa ameutazama mchujo huo kupitia mlango wazi na kuuelewa.

"Ziba jicho la kushoto, mama."

Akaziba, akazisoma herufi mpaka zile ndogo za chini.

"Sasa ziba la kulia."

Akaziba kwa kiganja, ila vidole akaviachanisha kidogo, na kupitia upenyo ule jicho zima likafanya kazi ya jicho bovu. Sijui sisi watu wazima tuna nini. Tunaingia hospitali kama watoto kwenye chumba cha mtihani, tunataka kufaulu, utadhani daktari hugawa zawadi.

"Unaona vimulimuli? Au giza kama pazia?"

Fundi akatikisa kichwa. "Hapana. Yanawasha tu."

Foleni ilikuwa imefika mwisho, na muuguzi alitaka kufunga. "Basi uko vizuri. Chukua haya matone, urudi mwezi ujao."

Fundi akatoka amefaulu. Walitembea kwenye ujia mrefu, wifi upande wa kushoto. Ghafla fundi akajikuta anatembea peke yake. Alipogeuka, wifi yake alikuwa amesimama nyuma, chupa ya maji mkononi, uso umemshuka.

"Nimekunyooshea chupa tangu pale mlangoni," wifi alisema. "Nikakupungia mkono. Mwisho nikakutolea ulimi. Hukuniona."

"Nilikuwa na mawazo."

"Usinifanye mtoto mdogo." Akamkaribia, akaliziba jicho la kulia la fundi kwa kiganja chake mwenyewe, barabara. "Niambie unaona nini."

Fundi alitaka kujitia hamnazo, ila hapakuwa na upenyo wa kuchungulia. "Nusu ya uso wako," alisema. "Na hiyo nusu inacheza kama iko ndani ya maji."

"Na nusu nyingine?"

"Giza." Fundi akaukumbatia mkoba wake. "Watanipasua, wifi."

Wifi akashusha mkono. Kitanda cha magurudumu kilipita kati yao, nao wakangoja kipite.

"Kaka yangu nilimsukuma mimi," wifi alisema polepole. "Kila siku nalala nalo, naamka nalo. Kwa hiyo wewe sikusukumi. Ukisema twende nyumbani, nitakushika mkono tuende. Uamuzi ni wako."

Fundi alishikwa na hasira ambayo hakuitarajia. Kumbe alitaka asukumwe. Alitaka mambo yakiharibika awepo wa kulaumiwa, kama alivyomlaumu kimoyomoyo miaka yote hii, huku akicheka naye. Aliona aibu. Kisha akageuka, akaanza kurudi kliniki karibu kwa kukimbia, bega likigonga ukuta wa kushoto.

Muuguzi alikuwa anafunga dirisha. Daktari alikwisha kuvua koti.

"Nilichungulia," fundi alisema. "Nilichungulia kati ya vidole. Na pazia lipo, tangu juzi."

Muuguzi aliliacha dirisha wazi. Alimziba jicho zima akanyoosha mkono. "Vidole vingapi?"

"Viwili."

Vilikuwa vitano. Daktari akavaa koti tena, akamtia matone ya kupanua mboni, akaliangalia jicho kwa taa yake muda mrefu, na fundi akaona bora angekaripiwa.

"Utando wa nyuma ya jicho unabanduka, kama rangi kwenye ukuta uliolowa," alisema hatimaye. "Katikati bado pameshikilia. Leo naweza kujaribu kuliokoa. Ungerudi mwezi ujao, tungekuwa tunapeana pole tu."

"Nitalazwa usingizi?"

"Hapana, mama. Ganzi ya jicho peke yake. Utanisikia ninavyoongea."

Hakuna aliyemwahidi zaidi ya hapo, naye hakuuliza tena. Jioni walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji. Wifi yake alikuwa amesimama kushoto, akilia bila sauti, akijua hapo haonekani.

"Wifi," fundi alisema, "pita upande huu. Kama ni kulia, lia nikuone."

Wifi akazunguka kitanda. Wakamlilia kaka na mume, pamoja kwa mara ya kwanza, mpaka mlango ulipofunguliwa.