Meno ya Gati

Mwaka 2010 kila kijana wa Tarime alikuwa anachimba dhahabu. Mimi nilichimba nyuso. Nilizunguka mashimoni na kamera ndogo ya dijitali, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni ili vumbi lisiingie kwenye lenzi. Wenye makamera makubwa ya shingoni walinicheka. Waache wacheke. Mtu akiliona lile kubwa anakauka kama yuko mbele ya hakimu. Hii yangu inatoka mfukoni kabla hajakauka. Mpaka leo anayeniuliza anunue ipi namwambia anunue ndogo, ila asiziamini betri za dukani.

Jioni moja miguu ilikuwa imekufa na alama ya betri inawaka nyekundu. Gati, mponda mawe, hakutaka niondoke.

"Kaka Simioni, picha zote hizi naonekana mgonjwa. Mama yuko kijijini Ikoma, anataka picha yangu, na ameapa akiona nimekonda anakuja kunichukua. Mimi kulima sirudi."

"Umekonda. Kamera yangu haidanganyi."

"Basi leo idanganye kidogo."

"Imebaki picha moja."

Akasimama wima, akajaza hewa mashavuni ili aonekane mnene.

"Toa hewa hiyo!" nikafoka.

Adero, mwenzake, alikuwa amejilaza juu ya rundo la mawe. "Mpiga picha gani huyu, uso kama yuko msibani? Si unajiita mshairi? Mwimbie basi!"

Ilinichoma. Nilichoka, lakini si kiasi cha kudharauliwa. Nikainua kamera, nikatoa mstari:

"Vumbi limekupa kanga, shingoni limeifunga..."

"Kanga gani, wewe?" Adero akadakia. "Hata sabuni hatuna!"

Gati akapasuka kwa kicheko, hewa yote ikamtoka. Nikabonyeza. Kamera ikazima.

Kesho yake nikaisafisha picha mjini Tarime, nikampelekea. Akaitazama sana.

"Mifupa ya shingo inaonekana."

"Ataona meno kwanza."

Hakuwa na nyingine nzuri. Akampa konda wa basi aipeleke.

Wiki iliyofuata mama hakuja. Ilikuja ndoo ya unga wa ulezi, na konda akatoa salamu alizotumwa: "Mama anasema meno ameyaona. Huu unga ni wa mifupa."

Gati akaweka nyundo chini, akaikalia ile ndoo. "Nimechoka, jamani," akasema.

Adero akaenda kutafuta kuni za uji.