Kitabu cha Kwapani

Hakukuwa na mwanamke msomi mjini kumshinda Bibi Stoyna, na mwenyewe hakuchoka kulisema hilo kisimani, kanisani na hata matangani. Kisha, kabla hujaanza kumwonea gere, aliongeza: "Nusu ya herufi nazijua. Ile nusu nyingine tunasalimiana kwa mbali."

Alizipatia katika darasa la wasichana, Jumapili baada ya ibada, chumba cha nyuma cha nyumba ya kusomea. Alibanana benchi moja na wajukuu wa wenzake, magoti yakigonga meza, na tangu amzike mumewe hakuwahi kupata raha kama ile.

Sasa raha hiyo ilikuwa mashakani. Mkwewe, Haji Dragoy, mfanyabiashara wa sufu aliyehiji Yerusalemu mara moja na kuisimulia safari hiyo kila siku, aligombea uenyekiti wa nyumba ya kusomea. Alikwisha kuapa kwamba akiupata tu, darasa la wasichana linafungwa; kuni zao zinaliwa bure.

"Mwanamke na kitabu, mama mkwe, ni bata na kofia," alimwambia mezani.

"Na wewe na kitabu je, mwanangu?"

"Mimi ni taifa."

Taifa ndilo lililokuwa homa ya mwaka ule. Juzi tu wenye mali walijifanya Wagiriki, wakikohoa Kigiriki hata mafua yakiwa ya hapa hapa. Leo kila mmoja alikuwa Mbulgaria tangu tumboni, na ushahidi wake kitabu. Kilipochapwa Stambuli kile cha historia ya wafalme wetu wa kale, kwa fedha za walioagiza mapema, majina yao yaliwekwa ukurasa wa mwisho, na la Haji likiwamo. Majira yote ya baridi alikibeba kwapani. Kitabu kilitembea kuliko punda wa muuza mkaa.

Siku ya uchaguzi Haji alisimama mbele ya watu, kitabu mahali pake pa kawaida.

"Ndugu zangu, hiki nimekisoma mara tatu. Pale wafalme wetu wanapotekwa nililia, mke wangu akaniletea taulo."

Wanaume wakatikisa vichwa kulia na kushoto, maana kwetu ndivyo mtu anavyokubali.

"Mkwe," Bibi Stoyna akasema kutoka benchi la wanawake, "tusomee hapo ulipolia. Na sisi bata tulie kidogo."

"Miwani nimeisahau nyumbani, mama."

"Nimekuletea." Akaitoa mfukoni mwa aproni.

"Moshi wa jiko hili unaniumiza macho."

"Basi mpe mwalimu."

Mwalimu Kalist akakipokea, akajaribu kukifungua katikati. Kikagoma. Akajaribu mwanzoni, kikagoma vilevile. Vitabu vya siku zile vilitoka kwa mpiga chapa kurasa zikiwa zimekunjwa na kushikana. Msomaji ndiye aliyezikata kwa kisu, jani baada ya jani. Hiki hakikuwahi kuonja kisu, isipokuwa mwisho kabisa, penye majina. Hapo kilikatwa kwa uangalifu, na jani lilikuwa limelegea kwa kushikwashikwa, lina doa la kidole cha mtu aliyetoka kula banitsa, andazi la jibini lenye siagi nyingi.



"Hicho si changu," Haji akasema haraka. "Changu kimechakaa kwa kusomwa, kipo nyumbani. Hicho nimekiazima."

"Kwa nani, Haji?" mwalimu akauliza.

"Kwa mtu mmoja hivi. Wa kijiji cha pili."

Bibi Stoyna akasogea, akaweka kidole chake juu ya lile doa. Akavuta pumzi. Kwa bahati, herufi zilizokuwa chini yake zilikuwa za ile nusu anayoijua.

"D... Dra... go... y," akasoma, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Kisha akamtazama mkwewe.

"Huyo mtu wa kijiji cha pili, mwanangu, anakupenda kupita kiasi."