Mtumbwi wa Mita Arobaini na Tano

Mwalimu Ottilia alirudi kutoka semina ya Mbinga na bango kitita la karatasi kubwa kwapani, kalamu za wino mzito mkobani, na kanuni moja aliyoambiwa aishike kama sala: katika kikao cha matokeo tunazungumzia takwimu, hatuzungumzii mtu. Mwezeshaji, kijana mtanashati ambaye viatu vyake havijawahi kukutana na mchanga wa ziwa, aliirudia asubuhi na jioni. Walimu wakaitikia, wakanywa chai, wakapiga picha ya pamoja.

Kanuni ilikuwa nzuri sana. Tatizo ni kwamba shuleni kwao, kata ya Kihagara, hakuna aliyewahi kumzungumzia mtu usoni hata kabla ya semina. Kama kuna watu duniani waliokuwa hawahitaji kufundishwa kutomtaja mtu, ni walimu wa shule ile. Walikuwa wanajua tangu kwa mama zao.

Na mtu ambaye hawakumtaja kuliko wote alikuwa Mwalimu Cleopa. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na nusu ya ukanda ule wa ziwa ilikuwa imepita mikononi mwake, pamoja na mwalimu mkuu mwenyewe, Mwalimu Meshack, aliyefundishwa na Cleopa kujumlisha. Ottilia alipofika mara ya kwanza kutoka Namswea, binti wa milimani aliyejua kahawa na mahindi na hajui usipa, dagaa wa ziwa lile, analiwa kuanzia kichwa au mkia, ni Cleopa na mkewe waliompa chumba akakaa mwaka mzima bila kudaiwa hata kuni. Alimpenda yule mzee. Lisemwe tu wazi, maana ndilo lililomsumbua siku alipoyafungua matokeo.

Ulikuwa mtihani wa majaribio wa darasa la saba, na mtihani wa taifa ulikuwa unabisha hodi. Darasa lilikuwa na mikondo miwili. Mkondo A ulifundishwa Hisabati na Cleopa. Mkondo B haukuwa na mwalimu wa Hisabati tangu Mwalimu Eunice aende likizo ya uzazi. Walibaki na kitabu, ubao na kelele za kubishana wenyewe kwa wenyewe. Na mkondo B, ule usio na mwalimu, ulikuwa umeuacha mkondo A mbali sana.

Ottilia alidhani amechanganya karatasi za mikondo. Akazipitia kazi za watoto, moja baada ya nyingine. Kulikuwa na swali la kuandika kwa maneno urefu wa mtumbwi wa mita 4.5, na mkondo A wote, wenye akili na wazembe, walikuwa wameandika kwamba una mita arobaini na tano. Watoto wa wavuvi hao! Watoto waliokaribia kuzaliwa ndani ya mitumbwi! Akatazama maswali mengine ya desimali: kote nukta imerukwa, kwa nidhamu, kana kwamba ni uchafu wa nzi kwenye kitabu. Mtoto mmoja hukosea kwa bahati mbaya. Darasa zima likikosea vilevile, limefundishwa. Akakumbuka jinsi mzee anavyosoma gazeti siku hizi, mkono umenyooka mpaka mwisho, na akaelewa kila kitu. Macho yake yalikuwa hayaioni nukta.

Kikao kilifanyika baada ya vipindi, ofisini. Ottilia alibandika bango ukutani, akaandika swali la semina: *Takwimu zinatuambia nini?*

Takwimu, ilionekana, zilikuwa zinasema mengi. Mwalimu Nazari wa Sayansi alisikia zikisema ni usipa: msimu ukikolea, watoto wanaanika samaki na mama zao, akili inabaki ufukweni. Mwalimu Hildegardi, katibu wa kikao, aliandika usipa kisha akachangia wazazi, ambao tangu shule ianze hawajawahi kukosa kwenye orodha ya sababu. Mwingine akataja upepo wa ziwa, unaoingilia madirisha ya mkondo A na kupeperusha usikivu.

"Lakini wa B nao wanaanika usipa," Ottilia alisema kwa upole. "Na wazazi ni walewale. Wengine ni ndugu wa nyumba moja."

Wenzake wakamtazama kwa huruma, wakatazama sakafu. Cleopa peke yake alikuwa akitikisa kichwa kwa makini, akiwaza.

"Kwa hilo la B," mwalimu mkuu akadakia haraka, "mimi naona wamenufaika kwa kuwa jirani na mzee wetu. Ukuta ni mwembamba. Sauti yake wanaisikia. Kwa hiyo napendekeza, mpaka Mwalimu Eunice arudi, Mwalimu Cleopa awachukue na wao moja kwa moja. Tumpigie makofi ya kilo!"

Wakapiga. Ottilia naye, Mungu amsamehe, mikono yake ilipiga kabla hajaizuia. Ndipo akaona kilichokuwa kinatokea: kwa ajili ya heshima, walikuwa wanakwenda kumalizia na wale waliosalimika. Watoto wa mikondo yote miwili wangeingia kwenye mtihani wa taifa bila nukta.

"Mwalimu mkuu, naomba tuangalie swali la mtumbwi," alisema. "Mkondo A wote wana jibu moja. Arobaini na tano."

Meshack akaichukua karatasi, akaisoma, na uso wake ukabadilika. Aliona. Ottilia aliapa baadaye kwamba alimwona akiona. Kisha akaikunja.

"Wameibiana majibu," alisema. "Darasa zima. Hilo ni suala la nidhamu. Kesho wote paredi, na wazazi waitwe."

"Hawajaibiana, mwalimu mkuu."

"Jibu moja, watoto wote? Tutaliita nini?"

Kalamu ya Hildegardi ilisimama hewani. Ottilia akamwangalia mzee aliyempa chumba, na akajichukia.

"Hebu nione," akasema Cleopa.

Akapewa karatasi. Akainyoosha mbele yake, akairudisha nyuma, akaipeleka mwangani. Akasoma swali kwa sauti yake ile ya ubaoni, iliyonyooka:

"Mtumbwi una urefu wa mita arobaini na tano." Akainua macho. "Sasa wanangu wamekosea wapi?"

Mwalimu mkuu wa shule, mwenye shahada yake, ndiye aliyejibu.

"Hawajakosea, mzee wetu," alisema. "Nadhani msahihishaji aliharakisha. Tutawarekebishia alama."

Nazari akaafiki. Hildegardi akaandika. Yaani walikuwa tayari kupitisha kwa kauli moja mtumbwi unaotoka pale ofisini mpaka nje ya uwanja wa shule, ilimradi mzee asikwazike.

Ottilia akasimama. Akamwendea Cleopa, akapiga goti kidogo kama mtu anayetoa shikamoo, akamshika kidole cha shahada akakiweka juu ya karatasi, kati ya nne na tano.

"Mwalimu, hapa kuna nukta."

Cleopa akatazama kidole chake. Alikitazama muda mrefu.

"Hapa?"

"Hapo, mwalimu. Ni mita nne na nusu."

"Mmejua tangu lini?"

Wakaangaliana. Ottilia alikuwa analia na hakujificha. "Macho tulijua siku nyingi, mwalimu," alisema. "Nukta nimeijua juzi."

"Na watoto? Watoto wa ziwa hili wanajua mtumbwi ulivyo."

Cleopa alinyanyuka, akakataa mkono wa mwalimu mkuu, akatoka kuelekea mkondo A, waliokuwa bado wanajisomea. Ottilia akamfuata mpaka mlangoni. Darasa zima likasimama.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Kaeni." Hawakukaa, walikuwa wameuona uso wake. "Nimewafundisha vibaya. Kuna nukta kwenye vitabu vyenu, mimi siioni, na nyinyi mnaiona. Mtumbwi wa mita arobaini na tano mmewahi kuuona wapi? Kwa nini hamkuniambia kwamba nimekosea?"

Watoto wakamtazama kwa upendo na kwa hofu. Kisha wakaitika kwa pamoja, wazi na kwa adabu kamili, kama walivyolelewa:

"Hapana, mwalimu. Hujakosea."

Cleopa alimgeukia Ottilia.

"Niletee wale wa B, mwanangu," alisema. "Waingie wote humu, waje na ubishi wao. Hawa wameniheshimu vya kutosha."