Mkono wa Mama Mkwe

Kagwe aliingia kwenye semina akiwa mtu wa kawaida mwenye macho na masikio, akatoka na macho peke yake. Semina yenyewe ilifanyika katika ukumbi wa juu wa hoteli moja mjini Kitale, chai na mandazi vikiwa ndani ya ada, na mwalimu alikuwa kijana wa suti ya kubana aliyejiita Kocha Tonny. Kocha alikuwa na somo moja tu, akalirudia mpaka likawaingia: mdomo hudanganya, mkono haudanganyi. Anayekuonyesha kiganja ni mkweli. Anayegusa pua anasema uongo. Anayekunja mikono kifuani amekufungia mlango. Na anayeficha mikono, jamani, huyo mwogopeni kama ukoma, kwa maana anayeficha mikono anaficha jambo.

Wenzake walikula mandazi, wakarudi makwao, wakasahau. Kagwe hakusahau. Alikipeleka cheti chake kikatiwa plastiki, akakitundika katika duka lake la agroveti, juu kidogo ya dawa za kupe, ili mteja akiinua macho ajue yuko mbele ya nani.

Tangu siku hiyo duka likageuka mahakama. Mzee mmoja alikuja kutafuta chanjo ya kuku, akawa anaeleza huku akijikuna pua. Kagwe alimtazama kwa ile huruma ya mtu anayejua siri yako, akamwambia kuku wake hawana ugonjwa wowote, aende nyumbani akatubu. Kumbe mzee alikuwa na mafua. Kuku walikufa wote, na mzee akahamia duka la ng'ambo ya barabara. Matthew, aliyemsaidia kuuza, alichoka kuulizwa anaficha nini kila akitia mikono mfukoni asubuhi ya baridi, na baridi ya Kitale mnaijua. Akaanza kuwahudumia wateja viganja vikiwa juu kama mtu anayeombewa. Hata kanisani Kagwe hakusikia mahubiri tena. Alikaa kiti cha mbele akichunguza mchungaji anajishika shingo akifika mstari gani.

Mambo hayo mtu angeyacheka yakaisha. Lakini Kagwe alikuwa na mchumba, na hapo ndipo kicheko kinapoanza kumkwama mtu kooni.

Mchumba huyo aliitwa Nangila, mwalimu wa chekechea pale Kitale, binti wa Mzee Nyongesa wa Bumula. Kagwe alimpenda kwa dhati, hilo tusimnyime. Alikuwa ameacha kuiita nyumba yake nyumba yangu, akawa anaiita nyumba yetu, ingawa mkaaji alikuwa yeye na paka. Alijua pia kwamba Nangila hataolewa bila baraka za mama yake. Nangila alikuwa amemwambia hivyo waziwazi, tena siku ambayo, kwa bahati, mikono yake ilikuwa imebeba vitabu.

Jumapili moja kabla ya safari ya kwenda kujitambulisha Bumula, wawili hao walikaa katika kibanda cha chai. Nangila akaanza kumfundisha ya kwao.

"Kagwe, sikiza. Kwetu mama hapeani mkono kwa mkwe. Hata kuonana hamtaonana vizuri. Akikuona atajificha, na wewe ujifiche. Hiyo ndio heshima yetu. Umesikia?"

Alipokuwa akisema hayo alikuwa akijisugua kifundo cha mkono, anasugua, anaacha, anasugua tena. Kagwe hakubandua macho yake pale. Kujisugua kifundo, alifundisha Kocha, ni wasiwasi: mtu anajibembeleza mwenyewe. Sasa Nangila ana wasiwasi gani? Kuna mwanamume mwingine? Mama hamtaki mkwe kutoka Kitale, hamtaki Mkikuyu? Kichwa kilijaa maswali, na maneno ya Nangila yakapita nje kama mvua ya shamba la jirani.

"Nimekusikia," akasema. "Lakini niambie ukweli. Ni nini unaogopa?"

"Siogopi kitu. Nakuambia juu ya mama."

"Mkono yako inasema ingine."

"Mkono yangu imeumwa na mbu, Kagwe!"

Kagwe alitabasamu na kumpigapiga begani. Sikio la kufa halisikii dawa, na lake lilikuwa limekufa tangu semina.

Jumamosi wakafunga safari. Baba yake Kagwe alikuwa marehemu, kwa hiyo mzungumzaji alikuwa Anko Kibe, mdogo wa marehemu, mtu wa maneno machache na pikapu nzuri. Dada yao, shangazi ambaye Kagwe alimwita Tata Wamboi, alikaa katikati. Wamboi alikuwa amenunua maharagwe kwa akina mama wa Bungoma tangu ujana wake, akala kwao, akalala kwao, akajua mila zao kuliko baadhi ya watoto wao.

"Wewe leo kazi yako ni kukaa na kunyamaza," alimwambia Kagwe walipouacha mji wa Bungoma na kuingia kwenye miwa. "Bwana harusi akifungua mdomo, ng'ombe wanaongezeka."

"Sitasema kitu, Tata. Mimi nitaangalia tu."

"Uangalie nini?"

"Mikono."

Tata Wamboi alimtazama Kibe, Kibe akatazama barabara.

Walipofika Bumula walikuta boma limefagiliwa mpaka udongo unang'aa. Kagwe alikuwa anashuka kwenye gari mama mmoja mnene alipotokea jikoni na beseni la mboga. Huyo ndiye Mama Nakhungu, mama yake Nangila. Alipomwona kijana, aliliweka beseni chini hapo hapo, akaizungusha mikono ndani ya leso, akageuka na kupotelea nyuma ya migomba kwa kasi ambayo unene wake haukuitabiri.

Kagwe alibaki ameshika mlango wa gari. Ameficha mikono, akajiambia. Hanitaki.

"Mulembe, mulembe!" Mzee Nyongesa aliwapokea mlangoni, mtumishi wa serikali aliyestaafu, shati jeupe na kalamu bado mfukoni. Sebuleni viti vilivishwa vitambaa vya kufumwa kwa mkono, na kwenye kiti kikubwa alikuwa amekaa Mzee Wamalwa, ndugu yake, msemaji wa upande wa nyumbani, mikono imekunjwa kifuani. Mlango umefungwa, Kagwe akasoma. Ukweli ni kwamba Wamalwa alikaa hivyo tangu utoto, hata kwenye picha yake ya ubatizo.

Mazungumzo yalikwenda vizuri ajabu. Kibe alisema wameona ua zuri katika boma hili. Wamalwa akajibu kwamba maua hapa ni mengi, wamwonyeshe ni lipi, watu wakacheka. Nangila akaletwa, akaulizwa kama anawajua wageni, akasema anawajua, akarudi jikoni akiwa amejifunika uso kwa haya.

"Hawa watu ya Kitale tumekula mahindi yao miaka mingi," Wamalwa alisema. "Hata kama sisi ni wagumu, bana, kwa hii nyumba mko nusu ndani. Ng'ombe tutasikizana. Si ni watoto yetu?"

Maneno matamu kama hayo mtu hutafuta maisha yake yote. Kibe aliyasikia, Wamboi aliyasikia akapiga kigelegele kidogo. Kagwe hakuyasikia. Macho yake yalikuwa kwenye pazia la mlango wa ndani, ambapo Mama Nakhungu alipita tena, uso ukielekea ukutani, mikono imeviringwa kwenye leso mpaka viwikoni. Mara ya pili! Wazee wanamdanganya kwa midomo, na mwenye nyumba halisi anamkataa kwa mikono. Woga ulimpanda Kagwe, woga wa kweli wa kumkosa Nangila, na mtu mwenye woga na cheti ni mtu wa hatari.

Akasimama.

"Wazee, samahani. Mimi ni mtu wa ukweli."

Tata Wamboi alimvuta koti. Kagwe akajinasua.

"Tangu tufike, mama ananificha mikono. Mtu anaficha mikono ni anaficha neno. Kama hanitaki, aseme. Na kama ananitaka, aje anipatie mkono hapa, mbele ya watu wote."

Jikoni sufuria ilianguka. Wamalwa alikunjua mikono yake, na mkewe angekuambia hilo ni jambo la kuandikwa.

"Umesema ati nini?"

Kagwe akarudia, polepole, akiwaonyesha viganja vyake viwili ili wamwamini.

"Kijana," Mzee Nyongesa alisema kwa upole, "unataka mama ya Nangila akupatie mkono? Wewe? Una hakika?"

"Nina hakika, Baba."

Wamboi alikuwa amesimama tayari, kiganja mdomoni kwa aibu. "Wazee wangu, huyu mtoto ni wetu, na ujinga pia ni yetu. Tusameheni. Tutarudi na mbuzi, tuombe msamaha vile nyinyi mnajua, hiyo maneno iishe."

Wamalwa aliitikia kwa kichwa. Wazee hawakuja hapo kuvunja uchumba. Mlango ulikuwa bado wazi, wa kutosha kupita mbuzi na mjinga mmoja. Lakini Kagwe aliona mkono wa shangazi yake ulikotua. Kufunika mdomo: uongo mtupu.

"Tata, usinisemee," akasema. "Mimi nangoja mama."

Pazia likafunguka. Mama Nakhungu aliingia bila kujificha, leso imefungwa kiunoni, mikono nje. Wazee wote waliinamisha macho. Alikuja moja kwa moja mpaka kwa Kagwe, akamtazama usoni, akanyoosha mkono wa kulia, kiganja wazi.

"Mulembe, mgeni."

Kagwe aliudaka ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akautikisa kama anayepampu maji kisimani. "Asante, mama! Asante sana!"

"Habari ya Kitale? Mahindi ilifanya vizuri mwaka huu?"

"Vizuri sana, mama."

"Haya. Mkule mshibe, mrudi salama."

Akarudi jikoni akitembea taratibu, mikono ikining'inia tu.

"Mmeona?" Kagwe aliketi akitokwa jasho la furaha. "Kiganja wazi. Na ameshika kwa nguvu!"

"Mimi tangu nizaliwe sijaona hii kitu," Wamalwa alijisemea mwenyewe. Mzee Nyongesa akakohoa na kuwakaribisha wageni chakula. Kukaja kuku, ugali na mboga za kienyeji, na mazungumzo yakawa ya mvua, barabara na mbolea. Ng'ombe hawakutajwa tena. Kibe alikula kidogo. Wamboi hakula. Kagwe alikula mapaja mawili, akamsifu mpishi kwa sauti ili asikike jikoni.

Walipotoka kwenda kwenye gari, Tata Wamboi alimshika Kagwe mkono nyuma ya pikapu.

"Wewe unacheka nini?"

"Si mama amenikubali, Tata?"

"Kagwe, mama mkwe huku anajificha mkwe. Kwa mgeni hajifichi. Mgeni anapewa mkono, anaulizwa mahindi." Akaonyesha jikoni kwa kidevu. "Tangu asubuhi huyo mama amekimbilia migomba, amejifunga leso kama mgonjwa, kwa nyumba yake mwenyewe. Unajua ni kwa nini? Alikuwa ameshakuhesabu mtoto wake. Ukamwambia atoke huko. Ametoka."

Kagwe aliegemea tairi la akiba. Mara akasikia yote kwa pamoja, yaliyosemwa kibandani na yaliyosemwa sebuleni, nusu ndani, watoto wetu, tutasikizana, na kila neno lilimchoma. Kibe alikuwa ameshawasha gari.

Nangila alikuja kutoka upande wa jikoni kuwasindikiza. Alimuaga Kibe, akamkumbatia Wamboi kwa muda mrefu, kisha akasimama mbele ya Kagwe. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nangila, sikujua. Nakuapia sikujua."

"Nilikuambia."

"Niambie tena. Nitasikiza. Niambie kila kitu, pole pole."

"Mama amesema wewe si mtu mbaya," Nangila alisema. "Amesema tu hawezi kuniachia mtu mwenye hasikii. Na mimi sikuwa na jibu, Kagwe. Nilitafuta, nikakosa."

Kagwe aliyasikia maneno hayo yote, moja baada ya lingine, bila kutazama kitu kingine ila midomo yake.

"Haya," Nangila akasema, akanyoosha mkono wa kulia. "Safari njema."

Kagwe aliutazama ule mkono. Kisha akaipeleka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo, akaibana pamoja huko kwa nguvu zake zote, akasimama hivyo mbele ya pikapu inayounguruma, akilia, na Nangila bado amemnyooshea mkono.