Kuhama na Kuhamia

Dirisha la uhamisho wa vyuo lilikuwa linafungwa jioni ile, na mimi mchana kutwa nilikuwa nazunguka sebuleni kwetu Maisaka kama kuku anayetaka kutaga. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa uhasibu, na uhasibu nauchukia. Nilitaka chuo cha mifugo. Chuo hicho kiliomba ukurasa mmoja tu: kwa nini unataka kuhamia kwetu?

Rafiki yangu Sabrina alichukua simu yangu, akasoma kwa sauti nilichoandika.

"'Husika na kichwa cha habari hapo juu.' Evelyne, unaomba chuo au ruhusa ya kwenda msibani?"

"Ndivyo tulivyofundishwa shuleni!"

Aliendelea kusoma: kunguni wa bweni, mhadhiri asiyesikika, darasa linalobanana. Kicheko kikamwisha.

"Haya yote ni ya kuhama. Wenzako wameuliza kuhamia."

"Herufi moja tu, Sabrina!"

"Hiyo hiyo. Umewaeleza unakokimbia. Kwao hujafika."

Niliudhika, hasa kwa sababu alisema kweli. Nikatoka nje kwa hasira, miguu haitulii, mpaka bandani. Baba alikuwa anamwekea majani Pasaka, ndama wetu.

Pasaka alizaliwa sikukuu yenyewe. Mguu wake ulikuwa umejikunja tumboni mwa mama yake, na simu ya daktari wa mifugo haipatikani. Nilinawa kwa sabuni mpaka begani, nikaingiza mkono, nikaunyoosha ule mguu taratibu. Baba hakuwahi kulizungumza jambo lile. Majirani aliendelea kuwaambia binti yake ni mhasibu, tena kwa majivuno. Kwenye maelezo yangu sikuligusa. Niliogopa chuo kingeniona mshamba, na zaidi nilimwogopa baba, maana hata habari ya kuhama hakuwa anaijua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nataka kuhama chuo."

Nikangoja anikaripie. Alikung'uta majani mikononi.

"Unahamia wapi?"

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Hata yeye!

"Chuo cha mifugo." Nikamshika Pasaka shingoni. "Tangu siku ya huyu, baba, sina raha na kitu kingine."

Aliinama kumwongezea Pasaka majani. Nikaanza kurudi ndani.

"Mama Evelyne anadhani nilikusaidia siku ile," alisema nyuma yangu. "Mimi nilifumba macho. Nilijua ndama amekufa. Hilo umewaandikia?"

"Bado."

"Sasa unangoja nini?"

Nilimnyang'anya Sabrina simu, nikafuta kila kitu, kunguni na kichwa cha habari. Nikaanza upya: Baba yangu alifumba macho. Mimi sikufumba. Yaliyobaki yalikuja yenyewe, na yakatumwa jua likiwa bado halijazama.